Pumzi ya Bomba la Nambis

Niliondoka Tanga kwa sababu ya simu ya Emanueli, shemeji yake Theresia; huyo Theresia ni rafiki yangu tangu chuo kikuu. Mimba ya Theresia ilikuwa imeharibika ikikaribia kutimia. Kwa desturi ya Wairaqw, msiba wa namna hiyo huitenga nyumba: mke na mume hubaki ndani ya mpaka wa boma lao, hawashikani mikono na watu, wala hawachoti maji katika chemchemi ya wote, mpaka wazee watamke kwamba muda umetimia. Huko kutengwa wanakuita metimani. Bomba lililofika uani kwao wazee walikuwa wameliruhusu, kwa hoja kwamba maji ya bomba huja tu, hayarudi yalikotoka. Sasa bomba lilikuwa linakauka. Chujio lake, lililozama bwawani, lilikuwa limeota ukoga na kuziba, na mtu pekee aliyejua kuogelea pale kijijini alikuwa Petro, mume wa Theresia, naye hakuruhusiwa kugusa maji ya wote.

"Ana homa," Emanueli aliniambia. "Muuguzi amempa dawa, akasema anywe sana na aoge. Ndoo tunazomwekea mpakani hazitoshi, chemchemi yenyewe kiangazi kimeimaliza. Wewe si ulisomea mambo ya chini ya maji?"

Nilisomea. Kwa miaka mingi nilifanya kazi ya kuzuia viumbe wa bahari wasiote kwenye nguzo za gati, mpaka shirika letu la umma lilipouzwa na mwekezaji akaamua kwamba nguzo zinaweza kusubiri. Kabla ya safari, katika karakana moja, nilitengenezewa chujio la bati la shaba lenye matundu. Shaba ikiwa majini hutoa chumvi yake kidogo sana, kiasi kisichomdhuru mnywaji, lakini viumbe wachanga wanaotafuta mahali pa kujishikiza huikimbia. Baharini nilikuwa na hakika nayo. Katika bwawa la milimani sikuwahi kuijaribu.

Babati, makao makuu ya mkoa mpya wa Manyara, nilikuta vibao vya ofisi ambavyo rangi yake bado ilinuka. Mlima Hanang ulisimama peke yake upande wa kusini, umefunikwa kichwa na mawingu. Baada ya Dareda gari lilianza kukwea ukingo wa bonde, na baridi ikaingia kwa kila upenyo.

Dongobesh tulishuka kunywa chai. Mwenye mgahawa aliligonga chujio langu kwa kijiko.

"Mama, hili ni chekeche la pombe?"

"La maji."

"Maji yanachekechwa? Watu wa pwani mna kazi!"

Wote wakacheka, nami nikacheka nao. Nilipotaja bwawa ninaloliendea na nyumba iliyotengwa ninayoitafutia maji, mwenye mgahawa aliondoa kijiko chake kwenye chujio, akarudi kwenye birika lake.

Nambis tulifika mchana. Emanueli alinisimamisha kwenye ua wa minyaa, mpaka wa boma lao. "Ukivuka hapa, shemeji, bwawani hutaingia tena. Wazee hawatakubali."

Theresia alikuwa ameketi mlangoni, amejifunika blanketi. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Pole, mwenzangu," nilisema.

"Nimeshapoa. Usije." Kisha, kwa sauti iliyojaribu kuwa ya zamani: "Mbona umenenepa hivyo? Utazama kweli wewe?"

Petro, nyuma yake, alinieleza kwa sauti bomba linapoanzia. Mikono yake ilionyesha hewani jinsi ya kulifungua chujio, ikazunguka na kuzunguka, hata alipokwisha kusema.

Bwawani maji yalikuwa meusi, na miti iliyozamishwa bwawa lilipojengwa ilisimama bado, mikavu, bila ndege. Mzee Tluway, mmoja wa wazee wa kijiji, alikuwa ananingoja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeushika mkono wake?"

"Sijaushika."

"Na ndoo yake?"

"Hata ndoo."

"Basi ingia. Maji hayana ugomvi na wewe."

Nilifungwa kamba kiunoni, Emanueli na jirani mmoja wakaishika. Chini ya maji sikuona hata kiganja changu. Niliifikia nguzo ya zege iliyoshika bomba kwa kupapasa, na nilichokigusa kilikuwa nywele: ndefu, laini, zikinizunguka vidole. Juu ya chujio kulikuwa na kitu kinene chenye ulaini wa pafu. Nilijua majina ya mambo hayo, ukoga na sifongo za maji baridi, lakini majina hayakunisaidia. Nilipanda kuvuta pumzi, nikashuka tena, mara nyingi. Nilipokwangua pande la mwisho na kulifungua chujio la zamani, bomba lilivuta. Liliudaka mkono wangu likaunyonya, na kwenye chuma nilisikia mguno mrefu ukienda mbali, kuelekea kijijini. Nilijinasua kwa nguvu, nikauvisha mdomo wa bomba mpira wa tairi ili shaba isigusane na chuma na kukitia kutu, kisha nikalifunga chujio jipya.

Jioni, kutoka mpakani, niliona maji yakimwagika uani. Theresia alikuwa amelowa uso na kifua.

"Lililia kwanza," aliniambia. "Mlisikia huko? Lililia kama mtoto mchanga, likanyamaza. Ndipo maji yakaja."

Nilijua ni hewa iliyosukumwa na maji. Lakini yeye alikuwa amemsikia mtoto. Nilianza kuvuka.

"Shemeji!" Emanueli aliita. "Likiziba tena, nani ataingia?"

Nilivuka, nikamkumbatia Theresia pamoja na homa yake na maji yake, naye akanishika kwa namna ambayo hadi leo naisikia mgongoni.

"Basi na wewe umo," Mzee Tluway alisema kutoka nje ya minyaa, bila hasira. "Kaa."

Asubuhi zilizofuata niliamka nikisikiliza. Mara moja mkondo ulipungua hadi ukawa uzi. Petro alisimama mbele ya bomba, mikono ikizunguka hewani, mpaka ulipojaa tena. Homa ya Theresia ilishuka. Wazee walipotufungulia, nilikwenda bwawani nikazama tena, nikapapasa: nguzo ilikuwa imeshaota nywele upya, lakini shaba ilikuwa tupu.

Safarini kurudi, mteremko wa Dareda ukinipeleka kwenye joto, niliitafakari kazi yangu. Maisha yangu yote nimesomea kufanya vitu visishikwe na kitu. Ni elimu nzuri. Ilimpatia Theresia maji. Lakini alichokuwa amekikosa mlangoni pale, ndani ya blanketi, hakikuwa maji tu, na hicho shaba isingempa.