Matusi ya Sauti ya Chini

Mume wangu alipoondoka kwenda Shabunda kutafuta dhahabu, aliniachia mama yake na onyo moja: nisimpandishie sauti. Mama mkwe wangu ni kiziwi. Mtu anaishije na kiziwi bila kumpandishia sauti, mume wangu mpaka leo hajanieleza, na simu za Shabunda ni za kubahatisha.

Mimi ni mshonaji. Nafanyia kazi nyumbani, hapa Kadutu, katika nyumba ya mbao, mashine ikiwa karibu na mlango ili nipate mwanga. Tuko familia nne katika parseli moja, ua mmoja, na mbao hazifichi kitu: jirani akipiga chafya, unampa pole ukiwa kwako. Mama mkwe aliweka kiti chake kando ya mashine yangu, na hapo alishinda kutwa, watoto wakiwa shuleni, akiniuliza maswali huku akinikazia macho usoni. Nguo hii ni ya nani? Mwenyewe ameolewa wapi? Samaki sambaza leo ni bei gani? Nilijibu. "Unasema nini?" Nikajibu kwa nguvu zaidi. "Unasema nini?" Nikifika mara ya tatu, parseli nzima ilikuwa imejua bei ya sambaza.

Siku dhambi yangu ilipoanza naikumbuka vizuri. Nilikuwa nakata sare za akina mama wa parokia, kitambaa cha bluu, kazi isiyotaka mkono utetemeke. Aliniuliza rangi mara nne, na kitambaa chenyewe kimetandazwa mbele yake. Mara ya nne sikupaza sauti. Niliinua kichwa, nikatabasamu, nikasema polepole kabisa, "Bluu, mbuzi muzee wewe." Naye akatabasamu. "Aksanti, mutoto yangu," akasema, akarudi kwenye rozari yake.

Nilisikia utamu, sitadanganya. Ilikuwa kama kukunwa mgongo pale ambapo mkono wako mwenyewe haufiki. Tangu siku hiyo nikawa na kazi mbili, kushona na kutukana. Nilimwita mbuzi, nikamwita redio isiyo na betri, nikamwita gunia la maswali, na kila tusi nililivika tabasamu. Jirani yangu, yule tunayegawana ukuta, alikuwa akiniambia, "Weye maman uko na moyo," halafu anacheka. Nilidhani ni kicheko cha kunisifu.

Nilienda kuungama, maana mimi si mpagani. Padri wetu ni mtu mzima, mkavu wa maneno. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Maman, kutukana mutu mwenye hasikiake, ile ni woga. Ukitaka kutukana, tafuta mwenye atakujibu." Akaniondolea dhambi, akanipa sala za malipizi. Nilipanda njia yetu ya ngazi za udongo nikijisikia mwepesi, kama nimetuliwa mzigo. Wepesi huo ulidumu siku tatu. Siku ya nne mama mkwe aliniuliza kama mvua inanyesha, na kikwembe alichojifunga kilikuwa kimelowa kwa sababu bati linavuja juu ya kiti chake. Nikamjibu, polepole, kwa tabasamu.

Mwezi uliofuata nikaungama ile ile. Mwezi wa tatu, kabla sijamaliza, padri alisema neno moja tu: "Tena?"

Huenda aliuliza tu, kama mtu anavyouliza kama kikohozi bado kipo. Lakini neno lile lilinichoma. Nilitoka nikijiambia kwamba ikiwa padri amechoka kwa miezi mitatu, Mungu, anayeyasikia matusi yenyewe yakitoka, amechoka zamani.

Basi nikafanya ujanja. Jumamosi moja nilishuka mpaka Nguba, kando ya ziwa, kwenye kanisa ambako hakuna anayenijua. Nilivaa sandali za plastiki kwa sababu ya matope, viatu vizuri nikavitia ndani ya mfuko, nikavivaa mlangoni mwa kanisa. Padri wa kule alikuwa kijana. Nikamletea dhambi yangu kana kwamba imezaliwa juzi, bila kutaja mbuzi wote waliotangulia. Alinifariji vizuri sana. Mara ya pili niliigeuza kidogo, nikasema nimekosa uvumilivu kwa mgonjwa. Mara ya tatu, nimeanza tu, akaniuliza kwa upole, "Maman, mama mukwe yako bado hasikie?"

Uso uliniwaka. Nilipanda mlima kurudi Kadutu bila kusali malipizi yake, na njiani nikaamua: basi. Mtu anayeomba msamaha huku akijua kesho atarudia, anaomba nini hasa? Sikio la kufa halisikii dawa, na sikio hilo lilikuwa langu mimi, si la yule mzee. Nitakaa na dhambi yangu kama watu wanavyokaa na jino bovu. Na komunyo sitapokea, maana huko kungekuwa kumdhihaki Mungu.

Lakini hapa kwetu kutopokea komunyo si siri yako peke yako. Mwanamke mwenye mume Shabunda akibaki kwenye benchi wakati wenzake wanasimama, watu hawafikirii matusi. Jumapili ya kwanza akina mama wa shirika letu la parokia waliniangalia. Jumapili ya pili waliniangalia, kisha wakaangaliana. Jumapili ya tatu mama mkwe, ambaye hajui sauti yake ina ukubwa gani, alirudi kutoka kupokea, akaniinamia sikioni, na kanisa lote likasikia: "Juu ya nini hauendi kukomunika?"

Nikamtabasamia. "Nyamaza, mbuzi," nikasema polepole.

Ndani ya kanisa. Yeye akiwa ametoka kupokea Mwili wa Bwana. Nilijiogopa siku ile, kwa sababu tusi lilikuwa limetoka lenyewe, hata sikuliita. Nikawaza kwamba sasa nimepotea kweli, na kwamba itabidi nizoee.

Kila alfajiri nilikuwa nashuka na bidoni kuchota maji kwenye bomba la chini, na foleni ilinirudisha nyumbani jua likiwa limeshapanda. Asubuhi moja bomba lilikuwa kavu. Nikarudi na bidoni tupu, mapema kuliko kawaida, na kabla sijagusa mlango nikasikia sauti ya mama mkwe ndani. Nilifikiri ana mgeni. Kumbe alikuwa anasali. Yeye mwenyewe aliamini anasali moyoni, lakini sauti ilitoka mpaka uani.

"Mungu wangu," alisema, "jana ameniita mbuzi mara mbili. Masikio sina, lakini macho iko, na kinywa yake naijua. Umusamehe. Miye nimeshamusamehe. Kazi iko mingi, bwana yake iko mbali, na miye niko muzigo." Nikasikia shanga za rozari zikigongana. "Unisamehe na miye. Jana nilimurudilisha neno mara tatu, na mara ya kwanza nilikuwa nimeshafahamu. Nilitaka tu akasirike kidogo. Na tena, asiponijibu yeye, nani mwengine ananizungumuzishaka? Ile zambi nilikuambia na juzi, na ile siku ingine. Leo nitajaribu. Usituchoke, Mungu wangu. Ndiyo sisi wawili, wale wale."

Nilikaa juu ya bidoni, nikalia. Kwanza nililia kwa aibu, kwa sababu alikuwa ameona kila kitu, tangu siku ya kitambaa cha bluu, na akaniambia aksanti. Halafu nikakasirika, maana kumbe mara nyingi alinielewa na kunisumbua kwa makusudi! Halafu nikafikiria jirani na kicheko chake. Sala hii alikuwa anaisikia kila asubuhi kupitia mbao. Mimi peke yangu, mwenye masikio mazima, nilikuwa bombani.

Lakini kilichonikalia moyoni kilikuwa kile "sisi wawili". Kwa muda wote huo nilikuwa nimejiondoa mbele ya Mungu kwa heshima, kama mtu anayeona amekaa sana kwa watu na sasa anawachosha. Kumbe kila asubuhi kulikuwa na mtu anayenirudisha ndani, ananikalisha kando yake kwenye benchi moja, bila hata kuniuliza.

Jumamosi nilienda kwenye parokia yetu, kwa padri wetu.

"Padri, nimeleta ile ile," nikasema.

"Najua. Karibu wote wanaletaka ile ile. Hata miye, padri mwenzangu ananisikilizaka ile ile kila mwezi. Ulifikiri kuko soko ya zambi mupya?"

Nikamweleza habari za Nguba. Nikasikia kama anazuia kicheko. "Na kule chini Mungu ni mwengine?"

"Ni yeye yule, Padri. Na nitarudia tena. Najijua."

"Miye sikukuuliza juu ya kesho. Je, leo unataka kuacha?"

Nilijichunguza. Nikaona kwamba nataka. Nikamwambia.

"Basi leo ndiyo unasamehewa. Kesho ukianguka, kuya tena hapa. Malipizi yako: umuombe mama mukwe musamaha. Na asikie."

"Padri, ili asikie nitapaswa kupiga makelele, na parseli yote itasikia."

"Ndiyo vile," akasema, akaniondolea dhambi.

Nilimkuta kwenye kiti chake. Upande wa pili wa ukuta jirani alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nikapiga magoti mbele ya mama mkwe na, kwa kuwa sasa nilijua anasoma midomo, nikaona njia ya kuokoa uso wangu. Sikutoa sauti. Niliumba maneno kwa mdomo tu: Mama, nisamehe.

Aliniangalia mdomo, akauangalia vizuri. Niliona machoni mwake kwamba ameelewa.

"Unasema nini?" akasema.

"Nisamehe, mama," nikasema, kwa sauti ya chini.

"Unasema nini?"

Hapo nikafunga macho, nikapaza sauti mpaka koo likauma. "Nisamehe, mama! Nisamehe matusi yote!"

Mchi wa jirani ukanyamaza. Mama mkwe aliweka mkono wake juu ya kichwa changu, mkono mkavu, mwepesi.

"Nilishaka kukusamehe asubuhi," akasema. "Sasa makelele yote hii ni ya nini?"

Nyuma ya mbao jirani akaangua kicheko. Nami hasira ikanipanda pale pale, magoti yangu yakiwa bado chini, na neno mbuzi likafika mpaka kwenye meno. Yeye alikuwa anauangalia mdomo wangu. Nikaufunga.

Kesho yake, Jumapili, nilisimama pamoja na wengine, nikapokea. Nilivumilia mpaka Jumatano. Jumatano, kwenye swali la tatu kuhusu sambaza, tusi likanitoka.

Jumamosi nilichukua mwavuli niende kuungama, nikamkuta mama mkwe amesimama mlangoni na kikwembe chake kizuri. Naye alikuwa na ile yake ya kuungama. Tulishuka polepole, nimemshika mkono kwa sababu ya utelezi, na kwenye foleni nikamwacha atangulie. Alipoanza kuungama, sisi wengine wote tulitoka mpaka uani, tusisikie.