Nepi za Mvua

Jina la Mvua alipewa na mama yake mzazi, mchana kweupe, mbele ya wateja. Alikuwa amerudi nyumbani bila mume na bila mtoto, na mkojo ukimtoka wenyewe. Akapita sebuleni kwenda uani. Mama yake alikuwa fundi wa nguo, na wakati ule alikuwa akimpima mteja mabega. Akasema, macho yake yakiwa kwenye utepe wa kupimia, "Anueni vitambaa, mvua inapita."

Mteja alicheka mpaka vipimo vikaharibika. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa umelishika jina hilo, na lile alilopewa alipozaliwa likabaki kwenye vyeti tu.

Kosa lake lilikuwa kuzaa vibaya. Uchungu ulimshika mbali na hospitali, ukamkalia muda mrefu kuliko mwili unavyoweza kuvumilia. Mtoto akatoka amekufa, naye akabaki na tundu ndani lililovujisha mkojo usiku na mchana. Hospitalini wanaiita fistula. Mumewe hakuiita kitu. Alimpandisha kwenye gari na begi lake, akamwambia dereva amshushe kwao, akarudi ndani kumalizia chai.

Kwao akapewa chumba cha uani, sahani yake na kikombe chake. Godoro lake mama alilianika kila asubuhi kwenye ukuta wa mbele, upande wa barabara, ingawa uani kulikuwa na jua la kutosha. Mdogo wake, aliyekuwa anaposwa wakati huo, alimwomba asitoke wageni wakija. Aliomba kwa adabu, akimwita dada.

Mvua hakuwa mtu wa kukaa kusubiri huruma. Alitaka kazi ya kumtoa pale, na kila mtu alikuwa na wazo la kumpa. Mjomba alisema ususi haushindwi kamwe. Akaanza ususi. Lakini msusi humkalisha mteja chini, kichwa kikiwa katikati ya magoti yake, na mteja wake wa kwanza alivumilia mpaka nusu ya kichwa, akanyanyuka, akaenda zake nusu amesukwa nusu hajasukwa. Jirani akasema mayai ya kuchemsha. Mama mwenyewe aliwauliza wapita njia kama wanaujua mkono ulioyamenya. Akajaribu nguo za mitumba, watu wakawa wanainua kila blauzi puani kwanza, hata zile ambazo hakuwa amezigusa. Mawazo yote hayo yalikuwa mazuri, na kila moja lilikuwa limemtajirisha mtu fulani. Yeye yalimrudisha uani.

Muda wote huo kulikuwa na kitu alichokifanya vizuri kuliko yeyote, na hakukihesabu kuwa kazi. Alikuwa anajishonea nepi. Mwanzoni alitumia mashuka makuukuu na mfuko wa plastiki kwa nje, lakini plastiki ililia kila alipopiga hatua, watoto wa njiani wakawa wanamfuata wakiigiza ule mchakacho kwa midomo. Siku moja akaokota mwavuli uliovunjika jalalani, akakifumua kitambaa chake, akakishonea nje ya taulo. Kilikuwa kimya na chepesi, na maji hayakupita. Kuanzia hapo akawa anakusanya miavuli mibovu, mtaa ukapata jambo jingine la kuchekea: Mvua anaokota miavuli.

Aliyemtoa huko ni muuguzi mmoja wa hospitali kubwa, aliyesikia habari zake na kumpigania apate nafasi ya upasuaji. Wodini, bibi wa kitanda cha pili aliona nepi zake zimeanikwa dirishani, akauliza zinauzwa wapi. Mgonjwa wa kitanda cha mlangoni akataka naye. Mvua akawashonea kwa mkono, ameegemea mto, huku akisubiri zamu yake ya kupasuliwa.

Muuguzi akaigeuza moja mikononi. "Za dukani ni za kutupa," alisema. "Mwenye mgonjwa anayelala kitandani miaka, anashindwa kuzinunua. Wazee wa watu wanalala kwenye majimaji mpaka ngozi inachunika. Wewe unajua unachokishika hapa?"

"Najua. Ni nepi."

"Haya. Ukipona usizisahau."

Alipona, na kuzisahau ndilo jambo la kwanza alilotaka. Alirudi nyumbani mkavu. Mama alikigusa kiti baada ya yeye kunyanyuka, akakigusa tena, kisha akamwambia aje ale mezani. Mdogo wake, ambaye sasa alikuwa ameolewa na ana duka la vipodozi upande wa pili wa mji, akamwita.

"Njoo tufanye kazi wote, dada. Kule hakuna anayekujua. Utatumia jina lako."

Akaenda. Akavaa sketi nyeupe, kitu ambacho hakuwa amekithubutu tangu aanze kuvuja. Akapaka wateja poda mashavuni, akaitwa kwa jina lake halisi mpaka akaacha kushtuka akiitwa. Biashara ilimkubali. Wateja walimpenda, na mwanamume mmoja mwenye duka la viatu alianza kupita kuulizia mafuta asiyoyahitaji.

Kisha siku moja, duka limejaa, akaingia dereva wa lori, pande la mtu, kofia mkononi. Akasimama katikati ya wanawake na manukato, akauliza kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini, "Samahanini. Namtafuta mtu anaitwa Mvua. Anashona nepi za wakubwa. Muuguzi ndiye kanielekeza."

Mdogo wake alimjibu upesi. "Umepotea, kaka. Hapa hakuna mtu wa jina hilo."

"Baba yangu amepooza," dereva alisema, kama vile hakusikia. "Nikisafiri anabaki na mke wangu. Ana haya, hataki kubadilishwa na mkwe wake. Analala vilevile mpaka nirudi."

Mwenye duka la viatu alikuwa mlangoni. Mvua alimwona. Alikiona pia kiganja cha mdogo wake kimekandamizwa juu ya kaunta, kikimwambia atulie. Angeweza kutulia. Alisimulia baadaye kwamba hakusukumwa na wema wowote. Alichokifikiria ni kwamba miaka yote ameuza vitu ambavyo watu wangeweza kununua popote, na huyu mtu amevuka mji mzima kutafuta kitu anachokijua yeye peke yake.

"Ni mimi," alisema. "Baba yako ana kiuno kipana au chembamba?"

Mwenye duka la viatu hakupita tena kuulizia mafuta. Mdogo wake alisubiri wateja waishe ndipo akamwambia avue koti la duka.

Mama ndiye aliyechukia kuliko wote. "Mungu amekukausha," alimwambia, "wewe unarudi kujilowesha. Nimekuficha, nimekuponyesha, unataka kututangaza upya?" Akaifunga cherehani yake kwa kufuli mchana ule ule. Hakuwa amemponyesha, wala hakuwa amemficha. Mvua akachukua begi, akapanga chumba kimoja kando ya fundi baiskeli, akakodi cherehani ya miguu, na juu ya mlango akaandika kwa rangi nyeusi: KWA MVUA. Fundi baiskeli alimshauri aweke jina la heshima.

"Hilo ndilo wanalolijua," alimjibu.

Mzigo wa kwanza ulikuwa aibu. Dereva alirudi na nepi iliyoloa, akaibwaga mezani juu ya kitambaa kipya. "Baba ameamka kwenye dimbwi. Ungeniambia tu huwezi." Mvua aliichunguza mshono kwa mshono bila kuona kosa. Aliimwagia maji ya kikombe, hayakuvuja. Akajua kwamba maji ya kikombe hayafanani na mkojo wa mtu aliyelala ubavu, na kwamba kuna namna moja tu ya kulipata kosa.

Alifunga mlango. Akaivaa, akanywa maji mengi, akalala ubavu sakafuni na kungoja. Mwili ulikataa. Ulikuwa umejifunza kujizuia kwa shida kubwa, ukakataa kuagizwa vinginevyo. Alipofanikiwa na joto lile la zamani likamshuka pajani, alilia kwa hasira, akajipiga paja kwa ngumi, halafu akapeleka kidole kutafuta unyevu umetokea wapi. Ulitokea kwenye pindo la nyonga, pale taulo ilipoishia kabla ya kitambaa cha mwavuli. Akainuka, akafumua, akaongeza ukingo. Akanywa maji tena.

Alifanya hivyo mpaka akawa hana haja ya kulia. Toleo lililotoka mle ndani ndilo dereva alilolipeleka kwa baba yake, kisha kwa madereva wenzake. Watu wakaanza kuja, kwa mlango wa nyuma, wakinong'ona, wengi wao wale wale waliokuwa wakiinusa mitumba yake. Aliwauliza vipimo kwa sauti ya kawaida, fundi baiskeli akasikia yote. Angeweza kupunguza sauti. Hakupunguza.

Mama alipopigwa na kiharusi, upande wa kushoto ulikufa na ulimi ukawa mzito. Mdogo mtu alimchukua kwake. Haikuchukua muda akaja kwenye chumba cha Mvua, miwani ya jua usoni, akakaa pembeni kabisa ya benchi.

"Nipe za mama. Ila ukate lebo. Akijua ni zako hatavaa."

Mvua alikata lebo, akamfungia. Siku iliyofuata walienda wote wawili. Mdogo mtu alimvalisha mama, akazisifia kwamba zimetoka duka kubwa la mjini. Mama alitulia. Halafu mkono wake mzima ukaanza kutembea kwenye pindo la kiuno, taratibu, kidole gumba kikihesabu mishono, na ukasimama. Ule mshono wa kurudi nyuma mara mbili kila mwisho wa pindo alikuwa ameufundisha mwenyewe, na alikuwa na mwanafunzi mmoja tu. Akamwangalia Mvua. Akashika kamba ya ubavuni, akavuta, ikakatika. Akavuta ya pili, akaichomoa nepi yote na kuitupa sakafuni.

"Bora nioze," alisema. Ulimi ulikuwa mzito, lakini hilo lilisikika vizuri.

Mdogo mtu akaanza kulia. Mvua aliiokota nepi, akaipeleka dirishani kwenye mwanga, akaangalia kamba zilipokatikia. Yalikuwa malalamiko ya wateja wengi, kwamba wagonjwa wenye kuchanganyikiwa huzivua, na hakuwa amewahi kumwona mgonjwa akifanya hivyo mbele yake. Sasa alikuwa ameona mkono unaanzia wapi na unavuta kuelekea wapi.

Alirudi na toleo jipya. Kamba zilikuwa pana, zimezunguka mbele bila fundo na kufungwa nyuma, katikati ya mgongo, mahali ambapo mkono mmoja haufiki. Alimgeuza mama ubavu, akamvalisha, akafunga. Mama alitafuta kamba. Mkono ulipapasa tumbo, ukapapasa kiuno, ukajaribu kwenda nyuma, ukashindwa, ukarudi. Akatukana. Akamwita Mvua, kisha majina mengine. Kisha akaomba.

"Mfungue, dada," mdogo mtu alisema. "Mama anakuomba."

"Nimemsikia."

"Unafanya kwa ajili yake au unamlipizia?"

Mvua alikuwa anakunja taulo za akiba. Alizikunja zote kabla ya kujibu. "Atakuwa mkavu," alisema.

Kila siku alikuja mwenyewe kumsafisha, kumpaka mafuta, kumvalisha na kumfunga. Mama aliacha kutukana, akaacha kuomba, akawa anageuzia uso ukutani akisikia viatu vyake. Wageni waliokuja kumwona walikuta chumba hakina harufu, mashuka yamenyooka, na mgonjwa analia bila sauti. Waliambiana nje kwamba ni maumivu.

Alikufa asubuhi moja, mkono wake mzima ukiwa umejikunja nyuma ya kiuno. Mwanamke aliyeitwa kuosha maiti alitoka chumbani akijifuta mikono, akawaita mabinti wawili pembeni. Alikuwa ameosha wengi waliolala muda mrefu, alisema, na hawa huwa na vidonda mpaka mfupani.

"Mama yenu hana hata kimoja. Ngozi kama ya mtoto. Mmemtunza, mtabarikiwa."

Mdogo mtu alimtazama dada yake, akatoka uani.

Ile ya kufunga nyuma ikaja kuwa ndiyo inayouzwa kuliko zote. Mvua sasa ana wanawake wanaomshonea, watatu kati yao waliwahi kuugua alichougua, na anawafokea kama mama alivyomfokea yeye, kwa maneno yale yale. Vyumba viwili vya jirani amevichukua. Fundi baiskeli amehama. Mdogo wake alikaa mwaka mzima bila kumsalimia, kisha biashara ya vipodozi ikayumba, akaja kuomba auze nepi upande wa pili wa mji. Mvua alimpa. Kwanza alimkalisha kwenye benchi, mbele ya washonaji wote, akamtaka ataje kwa sauti jina la bidhaa na jina la anayeitengeneza.

Aliyataja.

"Rudia," Mvua alisema. "Wa nyuma hawajasikia."