Radio Isiyokuwa na Swichi

Mwanangu, jana nilikuona umelala chali chini ya dashibodi ya ile gari kuukuu uliyoinunua, miguu iko nje, kurunzi umeiuma mdomoni, unatafuta wapi utapata moto, yaani umeme, wa radio yako. Nikacheka peke yangu hapa barazani, na wewe ukanuna ukidhani nakucheka. Sikukucheka wewe. Nilimkumbuka kijana mwingine wa miaka ishirini, aliyelala vivyo hivyo chini ya dashibodi pale Mtoni, miaka ya hamsini, akijiona hodari kuliko mafundi wote wa Unguja. Kijana huyo nilikuwa mimi. Kaa kidogo nikusimulie, radio haikimbii.

Wakati huo nilikuwa najifunza umeme wa magari kwa Fundi Mbarouk, Malindi ya mjini Unguja. Fundi alikuwa mtu wa maneno machache. Kazi yako isipompendeza hakugomba, alikohoa tu, na kikohozi kile kilitutia adabu kuliko bakora. Bwana Suleiman wa Mtoni, ambaye alikuwa na gari pekee katika mtaa wake, alinunua radio ya gari kwa baharia mmoja. Binti yake alikuwa aolewe Ijumaa, naye akataka bwana harusi aletwe kwa gari inayoimba. Siku hizo radio ndani ya gari ilikuwa jambo la watu kuitana majumbani. Fundi akanipa kazi ile niifanye peke yangu, mara yangu ya kwanza. Kichwa kilivyonivimba, mwanangu, we acha tu.

Radio yenyewe ilikuwa na ubovu mmoja. Zamani kidude cha kuwashia ndicho hicho hicho cha kupandishia na kushushia sauti, na kidude hicho kilikuwa kimevunjika. Nikaziunganisha nyaya zake moja kwa moja, ikawa ikipata moto tu inaimba, tena kwa sauti yake yote. Fundi akaitazama, akakohoa.

"Tafuta swichi uitie," akaniambia. "Kabla hujatafuta pa kuupata moto, tafuta pa kuuzimia."

"Naam, Fundi," nikajibu. Ilikuwa naam ya mdomoni.

Swichi zilikuwepo maduka ya Darajani, mwendo mfupi kwa baiskeli. Sikwenda. Nilijidanganya kwamba nafasi hakuna, harusi imekaribia. Kwanza niliupeleka waya wa radio kwenye betri moja kwa moja. Ikaimba vizuri, lakini kuizima ni lazima ufungue boneti uutoe waya, na nilipousahau mara moja tu, asubuhi yake betri imekwisha na Bwana Suleiman anasukumwa na majirani mpaka barabara ya Bububu. Nikauhamishia kwenye waya wa taa za mbele. Hapo radio ikawa haiimbi mpaka uwashe taa, na nani awashe taa na jua lote lile? Mwisho nikaupata waya unaoingia moto pale ufunguo unapogeuzwa. Nikapiga kofi kwa furaha. Ufunguo wenyewe ndio swichi! Bwana Suleiman nikamwambia tu kwamba kazi imekwisha. Sikumwambia kwamba akigeuza ufunguo gari itaimba yenyewe, maana nilitaka yeye na wageni wake washangae siku ya harusi, waulize fundi ni nani.

Kuna jambo lazima ulijue, kwa sababu radio zenu haziko hivi. Radio za zamani zilikuwa na taa ndani, vichupa vya kioo, na mpaka taa zile zipate joto ndipo sauti itoke. Ukiwasha, unangoja. Mimi nilishazoea kuhesabu. Nikikaribia thelathini inaanza kuvuma, kisha inaimba.

Kazi niliimaliza Jumatano jioni. Alkhamisi asubuhi jirani yake Bwana Suleiman, seremala aliyeitwa Pandu, akafariki baada ya kuumwa wiki nzima. Mama yake, Bi Mwaka, alikuwa ametoka kwao Paje kuja kumuuguza. Ikaamuliwa Pandu akazikwe kwao. Jeneza liende kwa lori, na Bi Mwaka, mtu mzima asiyeweza kupanda lori, afuate nyuma kwa gari ya Bwana Suleiman, amsindikize mwanawe mpaka nyumbani. Gari ikiwa moja mtaani huwa ya watu wote, ya harusi na ya msiba. Mimi katika mahesabu yangu niliitia harusi peke yake.

Baada ya sala ya adhuhuri nilikwenda Mtoni pamoja na Fundi. Watu walikuwa wengi, wakipeana makiwa kwa sauti za chini. Jeneza likapandishwa kwenye lori, wanaume wakawa wanaleta kalima, la ilaha illallah, taratibu. Bi Mwaka akatolewa nje ameshikwa mikono na wanawake wawili, akakalishwa kiti cha nyuma cha gari, macho yake hayatoki kwenye lori. Bwana Suleiman akaingia. Akageuza ufunguo, gari ikawaka, akawa anangoja lori litangulie.

Mimi nilikuwa hatua nne kutoka mlango wa gari. Hapo ndipo nilipoikumbuka radio. Nikaanza kuhesabu. Moja, mbili, tatu. Waya nilijua uko wapi. Mkono mmoja chini ya dashibodi, kuuvuta mara moja, yamekwisha. Lakini watu wote wale wangeniona, wangeniuliza kuna nini, na ningelazimika kusema. Kumi na mbili, kumi na tatu. Labda stesheni iko kimya saa hizi. Labda lori litaondoka, gari itakuwa mbali, nani atajua. Ishirini na tano. Miguu ilikuwa yangu mwenyewe, mwanangu, wala hakuna aliyeishika.

Radio ikavuma. Kisha taarabu ikatoka, fidla na dumbaki na mwanamke anaimba mapenzi, kwa sauti ya kujaza mtaa, mbele ya jeneza.

Kalima zikakatika. Bwana Suleiman alipapasa huku na huku, akaipiga dashibodi kwa kiganja, hajui azime wapi. Mwisho akaizima gari yenyewe. Ndipo nilipokwenda, nikaingiza mkono, nikaung'oa waya. Bi Mwaka hakunitazama. Alikuwa amekishika kiti cha mbele kwa mikono miwili.

Walipoondoka, Fundi alinivuta kando.

"Ya swichi nshakusamehe," akasema. "Ule ujana. Lakini nlikuwa nnakutazama mdomo. Ulikuwa unahesabu."

Nililia pale pale, nimeegemea ukuta wa nyumba ya watu, na Fundi akaniacha nilie mpaka nikanyamaza.

"Hitima ikishapita," akaniambia, "utakwenda Paje. Utakwenda peke yako."

Harusi ya Ijumaa ilifanywa kimya kimya, na bwana harusi alikuja kwa miguu. Kisomo cha hitima kilipokwisha nikapanda gari ya abiria iendayo shamba, mpaka Paje. Nilimkuta Bi Mwaka amekaa jamvini uani, anasuka ukili wa mkeka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Karibu ukae."

Nikakaa, nikamwambia yote. Radio, kidude kilichovunjika, swichi niliyoambiwa nikapuuza. Hata ile hesabu yangu nikaisema, ingawa hakuniuliza. Alisikiliza huku vidole vyake vinasuka. Nilipomaliza akauweka ukili chini.

"Ulikuwa mbali na gari?"

"Hatua nne, bibi."

"Hatua nne," akasema. "Mie nlikaa hatua moja na mwanangu siku saba. Sikuweza kitu. We ulikuwa hatua nne, na ulikuwa unaweza."

Hakupandisha sauti. Angenitukana ningepona haraka. Akasema ameshanisamehe, kwa ajili ya Mungu na kwa ajili ya Pandu, akaniletea muhogo wa nazi akanisimamia mpaka nikala. Niliporudi mjini, kabla ya kufika nyumbani, nilipita Darajani nikanunua swichi.

Basi nasaha yangu ndiyo hii, mwanangu. Ukitafuta moto, wa radio au wa jambo lolote utakalolianza duniani, jua kwanza utauzimia wapi. Hasira ina ufunguo wa kuiwasha. Itafutie na pa kuizimia kabla hujaigeuza. Neno ni hivyo hivyo, na simu yako hiyo ni hivyo hivyo. Na mtu akikukabidhi kitu chake, usiifikirie siku ya furaha peke yake, kwa sababu msiba nao hutumia gari ile ile. Hayo ni ya Fundi Mbarouk.

Ya Bi Mwaka ni makubwa zaidi. Kukosea utakosea, na mimi nitakuwa wa kwanza kukucheka. Lakini siku utakapojua kwamba jambo baya linakuja, na mkono wako unafika, usisimame ukahesabu. Nenda, watu wakuone, wakuulize, uaibike. Aibu ile ingenichukua siku moja. Ile nyingine nimekaa nayo mpaka mvi zimenijaa.

Mungu akujaalie mikono yenye akili, mwanangu, na miguu isiyokusaliti. Akupe watu wa kukukoholea ukiharibu, na akuweke mbali na majuto ya hatua nne. Amin. Haya, inuka uende Darajani ukanunue swichi, maduka bado hayajafungwa.