Ndimu kwenye Mikono ya Mwali

Katika utumishi wangu wote wa umma nilipambana na uongo wa urembo. Nilikuwa mkaguzi wa bidhaa, na maduka ya vipodozi ya Kariakoo niliyaingia na kitambulisho kifuani na miwani puani. Nimetoa krimu zilizopigwa marufuku chini ya meza, nyuma ya friji, na safari moja ndani ya sufuria ya wali. Nimewasikiliza wauzaji wakiapa kwamba mkorogo hauchubui, "unatakatisha tu". Nimewaambia wasichana, wengine wakinicheka, kwamba kusuka kwa kubana mpaka macho yapande hakurefushi nywele bali hung'oa za mbele. Kwamba dawa ya kulainisha nywele ikianza kuwasha, hiyo si dalili kuwa inafanya kazi. Na kwamba ngozi nyeusi nayo huungua na jua. Niliyasema hayo kwa kinywa changu, na ningependa msomaji ayashike, kwa kuwa mengine nitayavunja mbele yake.

Nilipostaafu, heshima ya kazi haikustaafu nami. Pale Ilala ninapoishi, na hata sokoni, bado wananiita mama wa ukaguzi. Nikisema krimu fulani ni mbaya, mtu anairudisha dukani siku hiyohiyo. Nilikuwa nikiifurahia hali hiyo kuliko ilivyonipasa.

Mwaka huu aliolewa binti wa kaka yangu, ambaye nimemlea tangu wazazi wake watangulie mbele ya haki. Kwa desturi yetu watu wa pwani, mwali husingwa kabla ya harusi: huchuliwa mwili mzima kwa singo, mchanganyiko wa liwa, manjano, karafuu na maua ya waridi yaliyotwangwa. Kazi hiyo ni ya somo, mwanamke mtu mzima anayemwandaa mwali. Wetu aliifanya vizuri, akanawa mikono, akasema, "Sasa huyu hatoki nje mpaka harusi."

"Kwa sababu gani?" nikamuuliza.

"Macho ya watu, bibie. Husuda."

"Macho ya watu hayajawahi kumchubua mtu," nikamjibu, na wanawake waliokuwepo wakacheka. Somo naye akacheka, akabeba kikapu chake akaondoka.

Asubuhi iliyofuata nilimtazama mwali wangu nikaona viwiko vyake bado vina weusi. Nikakata ndimu. Mama yangu alikuwa akitupaka ndimu, na katika mambo yote niliyoyakagua maishani, hilo sikuwahi kulikagua. Nikamshika mkono juu ya kiwiko, nikamsugua, maji yakamchuruzika mpaka kwenye kiganja. Nikahamia mkono wa pili.

"Shangazi, inawasha."

"Inawasha kwa sababu inafanya kazi."

"Si wewe huwa unasema kinachowasha..."

"Hayo ni madawa ya dukani. Hili ni tunda. Kitu cha asili hakina madhara."

Hatukuwa tumemaliza kubishana fundi cherehani akapiga simu: gauni liko tayari, aje alijaribu. Mimi ndiye niliyemwambia aende. Nilisema hatuwezi kufungiana ndani zama hizi. Akavaa blauzi isiyo na mikono, akapanda basi la mwendokasi mpaka kituo cha Gerezani, kisha akatembea kwa miguu hadi Kariakoo, adhuhuri, jua la utosi. Hakunawa. Mimi nilimkataza kunawa, nikimwambia ndimu iachwe ikolee.

Kesho yake mikono ikawa myekundu. Keshokutwa ikatoa malengelenge, na yalipopasuka ngozi ikabaki na michirizi myeusi, kama mtu aliyemwagiwa kitu cha moto. Binti analia, harusi iko mlangoni. Juu ya meza yake nikaona chupa mpya ya losheni.

"Umeinunua wapi hii?"

"Kwa yule dada wa duka la vipodozi, Kariakoo. Ni losheni ya kawaida tu, shangazi."

Sikusoma kibandiko. Mimi, ambaye niliwafundisha vijana wa ofisini kwamba mkaguzi husoma kibandiko kabla ya kufungua mdomo, nilitia chupa mkobani nikatoka.

Duka lile liko kwenye mtaa unaoelekea sokoni. Mwenyewe ni mwanamke wa Kilimanjaro, wa umri wa binti yangu. Nilipokuwa kazini nilimkagua mara nyingi na sikuwahi kumkuta na kosa. Aliponiona akainuka.

"Shikamoo, mama."

Sikumwitikia. Niliinua chupa ile pale barazani, wateja wakiwa wamejaa, nikasema kwa sauti ya kikao, "Umemchubua mwanangu! Mwanamwali, siku ya harusi yake inakaribia, umemuuzia mkorogo ndani ya chupa ya losheni!"

"Mama, isome kwanza."

"Nimesoma chupa hizi kabla hujazaliwa!"

Mchukuzi aliyekuwa akipita na mkokoteni akasimama. "Leo mama wa ukaguzi kashika mtu!" Mwanamke mmoja aliyekuwa ameshalipa akarudisha bidhaa juu ya kaunta. "Nirudishie hela yangu, dada. Nilijiuliza mbona mwenyewe anang'aa hivyo." Watu wakaangua kicheko. Mwenye duka akamhesabia hela zake. Nilirudi nyumbani nikijiona nimetenda haki.

Jioni hiyo nikampeleka binti kwa daktari wa ngozi. Daktari, kijana mpole, aliigeuzageuza mikono yake chini ya taa, kisha akauliza, "Nani alimshika hapa?"

Juu ya kiwiko palikuwa na alama za vidole, nyeusi, zimepangana.

"Mama, hebu leta mkono wako."

Nikauleta. Akauweka juu ya zile alama, nao ukaenea kila kidole mahali pake. Akaniuliza nilimpaka nini, nikasema ndimu, nikaongeza, kwa aibu ambayo bado nasikia joto lake masikioni, kwamba ni ya asili. Akanieleza kwamba maji ya ndimu yakikaa kwenye ngozi kisha jua kali likaipiga, ngozi huungua. Malengelenge hupona, weusi hukaa miezi. Akaisoma losheni, ile ambayo mimi sikuisoma, akairudisha mezani. "Hii haina kosa lolote."

Binti aliolewa na gauni la mikono mirefu. Ndugu wa mume waliponong'ona kuwa bibi harusi anajichubua, nilikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe nikamweleza ndimu na jua. Alicheka mpaka akajifuta machozi. Upande huo ulikuwa mwepesi.

Uzito ulikuwa dukani. Nilikwenda wakati wa mvua kidogo, hakuna watu, nikaingia mpaka ndani, nikainama kwenye kaunta, nikamwambia yote. Rafu zilikuwa zimejaa, na yeye alikuwa amekaa tu, akipangusa chupa ambazo hazikuwa na vumbi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mama, mbona leo unaongea taratibu?"

Nikageuka kutazama baraza iliyolowa.

"Siku ile ulisemea pale barazani. Watu wamenikimbia kwa yale, si kwa haya. Haya nayasikia mimi peke yangu, na mimi nilikuwa nayajua."

Nilirudi siku ya jua, saa soko linapofurika. Nilisimama pale pale. Nilipofungua mdomo, sauti ya kikao haikuwepo. Ilikuja sauti ya bibi kizee. "Jamani, dada huyu hakumchubua mwanangu. Nilimsingizia. Mimi ndiye niliyemuunguza, kwa ndimu." Watu walipita. Muuza mikanda akaniuliza, "Bibi, unauza ndimu? Ziko wapi?" Waliokuwepo siku ile hawakuwepo, hawa hawakujua ninasafisha nini. Nilirudia hata hivyo. Mwenye duka alikuwa mlangoni, mikono kifuani, hanisaidii wala hanizuii.

Mara mwanamke mmoja, kijana, amebeba mfuko wa vitambaa, akasimama mbele yangu.

"Ndimu inaunguza? Bibi, si kitu cha asili? Mbona mimi nimejipaka leo asubuhi, shingoni hapa, weusi utoke."

Aliinama kunionyesha, jua likimpiga kisogoni.

Nilimshika mkono, juu ya kiwiko, nikauachia haraka kama niliyeshika jiko. "Toka juani, mwanangu. Ingia ndani."

"Ndani wapi?"

Sikuwa na haki ya kulisema duka lile kama langu. Nikageuka. Mwenye duka alikwishashusha mikono. Alikuwa akimimina maji kwenye beseni, na kwa mguu alisukuma kigoda kuelekea kivulini.

"Mlete anawe," akasema. Kisha, bila kunitazama: "Na safari hii, mama, sema kwa sauti, watu wasikie."