Jina Lililokuja Baada ya Dereva

Ernestine amechoka. Nasema hivyo mapema ili msije mkadhani nitawasimulia habari za mwanamke shujaa. Mashujaa hawasinzii wameketi juu ya bidon, lile dumu la maji, mdomo wazi, huku akina mama wakisubiri watoto wao wapimwe. Yeye husinzia. Mimi humgusa bega, anafungua macho, anachukua utepe wa rangi tatu wa kupimia utapiamlo na kuuzungushia mkono wa mtoto aliye mbele yake. Nyekundu, njano, kijani. Halafu mwingine.

Tunafanya kazi pamoja katika kituo cha afya hapa Katindo, mjini Goma. Mimi ni muuguzi, kila mtu ananiita Mama Gradi kwa sababu ya kifungua mimba wangu, na jina langu la shuleni nadhani nimebaki nalo peke yangu. Ernestine ni mtaalamu wa lishe. Wazazi wake ni watu wa Butembo, wachuuzi wa maharage, na mpaka leo hawaelewi binti anawezaje kukaa chuoni miaka yote ile akijifunza kupika uji. Hajaolewa. Ukimwuliza kwa nini, anakwambia atakujibu akishalala vizuri.

Kitu anachokitaka ni kimoja tu: kusoma doktora ya lishe Kanada, kule wanakofundisha kwa Kifaransa. Ameomba mara mbili na mara mbili wamemkataa. Mwaka huu ndio wa mwisho, maana wanaolipia masomo hayo wameweka kikomo cha umri, na yeye kikomo hicho anakigusa kwa kidole.

Sasa nieleze jambo ambalo watu wa Kanada hawalijui, wala sidhani wangelielewa. Chuo chao kinataka barua ya profesa aliyekufundisha. Wanaamini profesa huyo anajifungia chumbani, anakufikiria, anaandika siri zako, anawatumia mwenyewe. Hapa kwetu profesa haandiki. Unakwenda kumsalimia, unamweleza shida yako, naye anakujibu, "Andika, mi nitasinye." Basi unakaa unajiandikia, unajisifu kwa kinywa cha mtu mwingine, kisha unampelekea atie saini. Hata anwani ya barua pepe ya Profesa Zéphirin aliifungua Ernestine, na neno la siri ni yeye anayelijua.

Lakini mtu atajisifuje? Ernestine amelelewa katika nyumba ambamo msichana akijisifu huulizwa kama shangazi zake, wenye kazi ya kumsifu, wamekufa wote. Mwaka wa kwanza aliandika kama mtu anayeomba cheti cha tabia njema kwa mkuu wa mtaa: anafika kazini kwa wakati, anaheshimu wakubwa, hana ugomvi na mtu. Nilipoisoma nilicheka mpaka nikashika ukuta.

"Ernestine, unaomba doktora ao unaomba kazi ya kulinda mulango?"

Mwaka wa pili akaongeza kwamba ni msafi. Jibu la Kanada lilikuwa lile lile: barua ya profesa haionyeshi kwamba mwombaji anaweza kufanya utafiti, na hana kazi yoyote iliyochapishwa.

Hapo ndipo penye kidonda. Kazi anayo. Alipokuwa mwanafunzi alitumwa Kibati kuchunguza kwa nini watoto wanaopewa unga wa lishe hawanenepi. Wakubwa walikuwa wakibishana juu ya unga, soya iongezwe ama ipunguzwe. Profesa Zéphirin, nimpe haki yake, alimwambia aachane na unga kwanza. Alimwambia, "Nenda ukae ku jiko ya bantu, unyamaze, uangalie mupaka sufuria iishe." Ernestine akakaa. Akakaa katika majiko ya watu msimu mzima, moshi ukamtoa machozi, akaona kitu ambacho kila mama amekiona na hakuna aliyekiandika: watoto wote wanakula sinia moja, wakubwa wana mikono mirefu, na yule mdogo, ambaye unga ule ni wake, anatafuna polepole. Anapomeza tonge la pili sinia imekwisha. Akawapa wadogo kila mmoja bakuli lake. Unga ule ule, watoto wakaanza kunenepa.

Kazi ilichapishwa. Juu kabisa pameandikwa jina la Profesa Zéphirin. Jina la Ernestine lipo ukurasa wa mwisho, mahali pa shukrani: wanamshukuru dereva, kisha wanamshukuru mademoiselle Ernestine kwa msaada wake. Asante ya punda hiyo. Mimi ningevunja kioo cha dirisha la mtu. Yeye aliikunja karatasi akarudi kupima watoto.

Mwaka huu, Jumamosi moja tulipomaliza foleni, alinipa barua ya tatu niisome. Haikuwa na habari za usafi. Ilieleza majiko ya Kibati, sinia, mabakuli. Na chini, kwa kinywa cha profesa, ilisema: "Utafiti uliochapishwa kwa jina langu ulifanywa na kuandikwa na Ernestine. Jina lake halikuwekwa mahali pake, na kosa hilo ni langu."

Nilifurahi, siwafichi.

"Muzee hasomaka," nikamwambia. "Utamupa biki, atasinye, utarudi nyumbani."

"Hapana, Mama Gradi. Nikimwibia saini, nitakuwa sawa yeye."

"Na akikatala?"

"Akikatala nitalala."

Nilimkasirikia sana. Kuna watu ambao ukweli wao unakuchosha kuliko uongo wa wengine. Lakini Jumapili baada ya misa nilivaa kitenge changu kizuri nikamsindikiza, kwani nilijua nisipokwenda atasinzia juu ya moto, yaani pikipiki ya kukodi, aanguke barabarani.

Profesa Zéphirin alikuwa na nyumba yake Kibati, na migomba, na chumba kizima cha vitabu. Vita vilipopita pale hakikubaki kitu. Sasa anakaa na mkewe kwa binti yao, mtaani Katoyi, nyumba ya mbao juu ya mawe meusi ya volkano, vyumba viwili na watu wasiolingana na vyumba. Tulikuwa na sukari na sabuni mkononi, kwa kuwa mkono mtupu haulambwi. Mama Lucie, mke wa profesa, alitupokea kwa mikono miwili.

"Karibuni, bamama. Mutusamehe, fasi ni kidogo."

Mzee alikuwa ameketi karibu na dirisha. Koti la ualimu bado lilikuwa mwilini, ila shingo ilikuwa imepungua ndani yake. Nilikuja nikiwa na hasira zangu zimejaa tele, na nilipomwona zikanipungukia, jambo lililonikera zaidi.

"Ernestine, mwana yangu. Ungali unapima batoto?"

"Ningali, profesa."

"Ni ile barua ya kila mwaka?"

"Njo ile."

"Lete biki, nisinye, tuongee mambo ingine."

Akanyoosha mkono. Nilimkanyaga Ernestine mguu chini ya meza, kwa nguvu. Akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Soma kwanza, profesa."

"Miwani ilibakia Kibati na bitu byote. Soma weye."

Akasoma. Kifaransa chake ni kizuri, ila siku ile alikisoma kama mtu anayesoma majina ya wagonjwa, bila kupandisha wala kushusha. Akafika kwenye majiko, mzee akatikisa kichwa kukubali. Akafika kwenye mabakuli, mzee akatabasamu. Akafika mwisho. Nje kulikuwa na mtu anagongomea gurudumu la chukudu yake, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, nasi tukamsikiliza yeye.

"Ule mustari wa mwisho, uutoe," profesa akasema.

"Siwezi, profesa. Bila ule, hakuna barua."

"Ernestine." Aliita jina kama anayemwita mtu aliye mbali. "Mi niko muzee. Nyumba imeenda. Bitabu, bantu balipikia chakula. Siku nitakufa, mu kanisa batasoma biografi yangu. Unajua bile banasomaka. Alizaliwa Masisi, alioa, alifundisha, aliandika. Fasi ya 'aliandika', niko na kitu kimoja tu. Unataka basome nini?"

Asiyeujua mji wetu atadhani ni utani. Hapa hakuna anayezikwa kabla maisha yake hayajasomwa mbele ya jeneza, na watu hutega masikio kuliko wanavyomsikiliza padri. Nimeona ndugu wakinuniana miaka kwa sababu ya sentensi moja iliyorukwa. Mzee hakuwa anacheza. Alikuwa anaogopa, na mimi nilimwonea huruma nisiyotaka kumwonea.

Ernestine hakupandisha sauti. Sidhani alikuwa na nguvu za kuipandisha.

"Na mi, profesa? Siku yangu batasoma nini? Alizaliwa Butembo, alipima batoto?"

Mzee alitazama dirishani, ingawa bila miwani sijui alikuwa anaona nini.

Mama Lucie akaingia na chakula, maana mgeni hatoki bila kula hata kama nyumba inaungua. Bugali, sombe ya majani ya muhogo, na vidagaa vya sambaza kidogo vya kukaanga. Akaweka beseni na jagi la maji, akarudi kuchukua chumvi. Ernestine akainuka. Ndivyo ilivyo, mdogo humnawisha mkubwa, na hasira haiondoi adabu. Akashika jagi. Profesa akatoa mikono juu ya beseni, kisha akairudisha.

Akaanza kusimama. Alishika meza, akashika kiti, akasimama. Akamtoa Ernestine jagi mkononi.

"Lete mikono."

"Hapana, profesa. Tafazali."

"Lete mikono, nimesema."

Mimi nimezaliwa Goma, nimeona mlima ukitapika moto, nimeona wenye bunduki wakiingia na wengine wakitoka. Mzee mwenye mvi kumnawisha mwanafunzi wake, mwanamke wa umri wa binti yake, hilo sikuwahi kuliona. Maji mengi yalikwenda kwenye sketi ya Ernestine. Mama Lucie alisimama mlangoni na chumvi yake.

"Papa, unafanya nini?"

"Ninanawisha mugeni."

Nikageuka kutazama ukuta. Nilipogeuka tena, Ernestine alikuwa bado ameshikilia mikono juu ya beseni, na maji yalikuwa yamekwisha.

Tulikula. Hakuna aliyeitaja barua. Mama Lucie aliuliza bei za sokoni na mimi nikamjibu kwa kirefu, nikashukuru kuwa na kitu cha kusema. Ernestine alikula kama mtu aliyesahau kula tangu Ijumaa, na nadhani alikuwa amesahau. Sambaza zilipobaki chache, mzee akazisukuma upande wake kwa kidole.

Vyombo vilipoondolewa, alifuta mikono kwenye suruali na kuomba kalamu.

"Mustari wenyewe iko wapi?"

Ernestine alimshika kidole cha shahada akakiweka juu ya maneno. Mzee hakukiondoa. Aliandika jina lake chini yake pale pale, polepole, herufi zote, bila mikato ile ya watu wakubwa, jinsi mtoto wa shule anavyoandika jina juu ya daftari jipya. Akatia tarehe. Akaisukuma karatasi.

"Sasa umeniacha na nini?" akauliza. Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua. "Ku kilio yangu, fasi ya 'aliandika', baweke nini?"

Ernestine alikuwa anaikunja barua.

"Baweke kwamba njo weye ulinifundisha kukaa ku jiko ya bantu na kunyamaza," akasema. "Ile ni kweli, profesa. Hata mi nitaisoma."