Sisi Makapi Hatukupanda Lori

Nikikumbuka ujana wangu, mwanangu, sianzii kwenye harusi yangu wala kwenye shamba langu la kwanza. Naanzia asubuhi ile langoni mwa kinu cha unga hapa Nakuru, lori linanguruma, na sisi kumi na mmoja tumesimama kando yake tumekunja mikono. Meneja alikuwa amehamishia kinu chake Kitale. Mashine zilishakwenda. Sasa alitaka na timu ya mpira ipande, wachezaji, nyavu na kombe, tukachezee huko kwa jina jipya. Tulimwambia timu hii ni ya watu wa Nakuru, haikuja na mashine. Lori liliondoka na nyavu na kombe, sisi tukabaki na jezi zetu tulizokuwa tumezificha nyumbani.

Nakueleza haya kwa sababu juzi mjukuu wangu alinikuta navaa koti, akauliza naenda wapi. Nikamwambia naenda kiwanjani, leo ni siku ya Makapi. Akacheka. "Babu, si hiyo timu ilikufa kitambo? Wachana nayo, hata hakuna mtu anaijua." Nilimjibu vibaya, maneno ambayo mama yake hakuyapenda. Wewe nitakujibu vizuri zaidi, kwa hiyo kaa usikilize.

Makapi lilikuwa jina la kutudharau. Tulikuwa tukifika uwanjani moja kwa moja kutoka kazini, vumbi la ngano limejaa hadi kwenye nyusi, na mashabiki wa timu nyingine wakatubandika jina hilo. Meneja alikuwa na jina lake la Kizungu alilolisajili, sasa hata silikumbuki. Sisi tulilichukua lile la dharau tukalifanya letu. Kabla ya kila mechi nahodha alitoa makapi ya ngano mfukoni, akayarusha juu ili tuone upepo unaelekea wapi, kwa sababu upepo wa alasiri unaotoka ziwani si wa kuchezea. Yakipaa tu, watu wote wa upande wetu walipiga kelele, na wapinzani walijua kazi imeanza.

Jezi zetu alizishona Mama Zaituni wa Bondeni, mjane mwenye cherehani barazani kwake. Alizishona kwa mifuko ya kitambaa iliyokuwa ikitiwa unga, kisha akazichovya kwenye buluu ya kufulia, aliyoikoroga nzito. Buluu hiyo haikushika sawasawa. Tukitoka jasho ilichuja, na jioni kila mchezaji wa Makapi alikuwa na kifua cha buluu. Wake zetu walilalamika juu ya mashuka. Kila msimu Mama Zaituni alizichovya upya, na hakutaka kusikia habari ya rangi nyingine.

Baada ya lori kuondoka, tulijua maana ya kumkatalia meneja. Alikuwa na marafiki katika kila kiwanda, na aliwatumia habari kwamba watu wa Makapi ni wakaidi, wasiandikwe kazi popote. Usisahau ilikuwa miaka ya hali ya hatari, serikali ya wakoloni ikimshuku kila Mkikuyu. Mimi Mbukusu nilikuwa na nafuu kidogo. Golikipa wetu Karanja, rafiki yangu mkubwa, hakuwa na nafuu yoyote. Mkikuyu asiye na kazi mjini wakati ule alikamatwa akarudishwa rizavu, maeneo waliyotengewa Wakikuyu, hata kama mke na watoto wake walikuwa wamezoea Nakuru.

Tukasikia kiwanda kimoja cha maziwa kinaandika watu, na kina timu yake. Tulijipanga foleni mimi na Karanja, mimi mbele, yeye nyuma yangu. Karani aliniangalia miguu. Miguu ya mchezaji haifichiki.

"Wewe unacheza mpira?"

"Nacheza kidogo, bwana."

"Ulikuwa timu gani?"

Mwanangu, nilikuwa na miaka ishirini na miwili na tumbo tupu. Nilisema, "Sijawahi kuwa na timu, bwana. Nacheza tu mtaani." Karani akaandika jina langu. Nikasogea kando, na nikasikia swali lile lile likiulizwa nyuma yangu.

"Makapi," Karanja akasema. "Golikipa."

Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayetaja jina la baba yake. Karani alimwonyesha mlango kwa kalamu. Karanja alipita karibu yangu bila kunitukana, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Haikupita wiki mbili, wakapakiwa kwenye gari moshi yeye na mke wake na watoto wawili, kurudishwa rizavu. Sikwenda stesheni. Niliona aibu, na hadi leo naiona.

Nilifikiri dawa ya aibu ni kusahau. Nikaichukua ile jezi nikaipeleka kwa Mama Zaituni, nikamwomba aifumue anishonee foronya za mito. Aliishika akaigeuzageuza.

"Foronya," akasema. "Karanja amepelekwa huko alikopelekwa kwa sababu ya kitambaa hiki, na wewe unataka ukilalie?"

Nikajitetea. Nikasema timu imekwisha, mama, kinu kimeondoka, kombe limeondoka, hata nyavu hakuna. Kushikilia jina kuna faida gani?

"Kinu kilikuwa cha huyo Mzungu, akakichukua. Kombe alilinunua yeye, akalichukua. Mimi hakuninunulia hata sindano. Hii ni mikono yangu, na jasho lililo humu ni lako. Nani amekwambia imekwisha? Ni wewe umesema, mbele ya karani." Kisha akasimama. "Njoo Jumamosi."

Jumamosi alinipa jezi imekunjwa vizuri, imechovywa upya, buluu imekolea kuliko nilivyowahi kuiona. Akasema kesho nina mechi yangu ya kwanza na timu ya maziwa, niivae. Nikamwambia siwezi, jezi yao ni nyeupe. Akasema basi niivae kwa ndani, ikiwa naogopa. Niliivaa kwa ndani, kwa sababu niliogopa kweli. Sijui hadi leo kama alikuwa amepanga. Nadhani alipanga.

Ilikuwa Jumapili ya jua kali. Dakika kumi za mwanzo sikugusa mpira, kisha ukanijia kule winga ya kushoto, nikasahau kila kitu nikakimbia. Nilikuwa na mbio siku hizo, usinione hivi. Nilipopiga krosi ya tatu nilisikia kwenye ua wa michongoma mtu anacheka, halafu wawili, halafu sauti ya mwanamke niliyemjua inaita, "Makapi!" Nikajitazama kifuani. Jasho lilikuwa limefanya kazi yake. Jezi nyeupe ya maziwa ilikuwa na doa la buluu kutoka shingoni hadi kitovuni, na linazidi kuenea. Watu wa ua ule walikuwa watu wetu, wa Bondeni na wa nyumba za reli, waliokosa timu ya kushangilia tangu lori liondoke. Wakaanza kuita wote.

Wakati wa mapumziko karani alinijia mbio, amekunja uso.

"Hiyo ni nini? Wewe si ulisema hukuwa na timu?"

Ningeweza kusema ni rangi ya shati. Nilimwangalia. Nikavua ile nyeupe nikamwekea mkononi.

"Makapi," nikasema. "Winga wa kushoto."

Kazi ilikwisha siku hiyo hiyo. Nilikwenda Mau Narok nikavuna ngano za watu kwa miaka, baridi inauma mpaka kwenye mifupa, na nilikuwa nalala usingizi mzuri kuliko nilivyolala kiwandani. Kila mwaka, Jumapili hiyo, nilishuka Nakuru, na wenzangu waliobaki walikuja. Tulisimama uwanjani saa kumi, nahodha akarusha makapi, tukaangalia upepo, tukaenda kunywa chai kwa Mama Zaituni.

Hali ya hatari ilipokwisha, nilimkuta Karanja ametutangulia pale uwanjani, amekonda, ndevu zimeingia mvi.

"Nilisikia kwamba ulisema," akaniambia.

"Nilichelewa, Karanja."

"Ulichelewa," akakubali. Hakunipunguzia hata kidogo. Kisha akasogea, akanipa nafasi ya kusimama karibu naye.

Wote wamekwenda sasa, Karanja miaka minane iliyopita. Uwanja umejengwa maghala, na askari wa langoni ananijua, ananiambia, "Pita, mzee, lakini usikae sana." Nakaa ninavyotaka. Narusha makapi yangu peke yangu.

Kwa hiyo, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Watahamisha viwanda, watabadilisha majina, watauza viwanja, na hawatakuuliza. Hayo huna uwezo nayo. Lakini siku mtu mwenye kalamu akikuuliza ulikuwa wa nani, hapo ni juu yako peke yako. Taja jina. Litaje hata kama wanalicheka, hata kama litakupotezea kazi, na usingoje jasho likusemee kama lilivyonisemea mimi. Na usimwache mwenzako alitaje peke yake ukiwa umesimama mbele yake. Mimi nilifanya hivyo, na kulipia hakujakwisha.

Mungu akupe watu wa kusimama nao ukiwa umekunja mikono, na akupe sauti siku utakapoulizwa. Mjukuu wangu amesema mwakani atanisindikiza, eti aone tu. Nimemwambia aje na mfuko wa makapi.