Kura Zenye Chapa ya Ng'ombe

Siku yangu ya kwanza kwenye kazi ya uchaguzi nilivaa viatu vipya, na vumbi jekundu la Endabash likavimaliza kabla ya saa nne. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimeteuliwa karani mwongozaji, yule anayepanga foleni na kumwonyesha mpiga kura kituturi, kibanda cha kadibodi anamojificha kuweka alama ya vema. Mama yangu mdogo akafika, akaniita kwa Kiiraqw nimpitishe mbele. Msimamizi wa Kituo, mwalimu mkuu mwenye sauti ya kengele, akanikata jicho.

"Mwalimu Paskalina! Leo huna chama, huna ukoo, wala huna mama mdogo!"

Mama mdogo alirudi nyuma ya foleni, akaninunia mpaka Krismasi. Mimi nilijiona nimepanda cheo.

Uchaguzi baada ya uchaguzi nilipanda kweli, hadi nikawa Msimamizi wa Kituo kule Endulen, ndani ya hifadhi. Jamani, kazi ile niliipenda! Asubuhi unawaonyesha mawakala wa vyama sanduku tupu, unalifunga kwa lakiri, zile kufuli za plastiki. Jioni unalifungua mbele yao na kuhesabu palepale. Kura ikibishaniwa, anayeamua pale mezani ni wewe msimamizi. Meza ilikuwepo, kiti hakikuwepo. Akaniazima cha kwake Mzee Lemayan, laigwanani, yaani kiongozi wa rika lake. Mguu mmoja ulikuwa mfupi.

Tulipofungua sanduku tukakutana na kura zisizo na vema. Mbele ya jina la mgombea palichorwa duara lenye mkia.

"Hiyo ni chapa ya ng'ombe wa ukoo wa Mzee Lemayan!" wakala mmoja akaruka. "Aliyepiga anajulikana. Zikataliwe!"

"Si unaona kabisa amemtaka nani?" mwenzake akapaza sauti. "Zihesabiwe!"

Karatasi za Urais zilikuwa na chapa, za Ubunge vilevile. Kura ni siri, na sheria inakataza alama inayomtambulisha aliyepiga. Nikazikataa zote. Kiti kiliyumba, mimi sikuyumba.

Ubunge ukaamuliwa kwa tofauti ndogo mno, na aliyeshindwa akafungua shauri Mahakama Kuu, Arusha. Msimamizi wa Uchaguzi wa jimbo, mkubwa wetu sote, akaniita ofisini.

"Mwalimu, utatoa ushahidi. Usinipambe, usijipambe. Sema ulichokiona na ulichokiamua."

Nikasema hivyohivyo. Baada yangu akapanda Mzee Lemayan, na wakili akamuuliza kwa nini hakuweka vema kama watu wengine.

"Kila mali yangu inayotoka bomani naitia chapa," akajibu. "Ikipotea, nitaijua. Ukoo wetu tulikubaliana hivyo, kura zetu zisiibiwe."

Watu wakacheka. Jaji hakucheka. Wakili alipotaka kujua mzee alimpigia nani, Jaji akamkatiza: "Hilo haliulizwi hapa."

Hukumu ilisema kwamba chapa ya ukoo mzima haimtambulishi mtu mmoja, na nia ya mpiga kura ilionekana. Kura zile za Ubunge zikahesabiwa. Mshindi alibaki yuleyule, lakini uamuzi wangu ulitenguliwa mchana kweupe. Mnadhani niliona haya? Thubutu! Nilitoka pale kifua mbele. Niliamua mbele ya mawakala, nikajieleza mbele ya Jaji, na mwenye mamlaka kunizidi akanirekebisha. Mfanyakazi aombe nini zaidi?

Sasa nimestaafu, nalima maharage yangu hapa Karatu. Juzi, siku ya mnada, Mzee Lemayan alipita nyumbani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Nina neno. Kura yangu ya Ubunge ilirudi zizini. Ile ya Urais nayo ina chapa yangu. Nimfuate nani?"

Nilimmiminia chai kwanza. "Mzee, Katiba yetu inasema Tume ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama ya kuchunguza. Ile haina pa kwenda."

"Basi aliyesema la mwisho juu ya kura yangu ni Tume?"

"Tume ilijumlisha nilichopeleka mimi. Wa mwisho kuishika na kuiamua nilikuwa mimi."

Akaweka kikombe chini. "Wewe! Kumbe ulikuwa mkubwa kuliko Jaji, nami nikakupa kiti kibovu."

Tulicheka sana. Alipoondoka niliumia, sifichi. Kwa sheria niliyofundishwa ningeamua vilevile, lakini kura ilikuwa yake, na ilikuwa halali kama ile nduguye ya Ubunge. Kazi yangu bado najivunia, na sasa najua uzito wake kuliko nilipokuwa naifanya.

Nanyi vijana mtakaokalia kiti kile, ikifika zamu ya karatasi ya Urais, ishikeni kwa mikono miwili. Mna wakubwa wengi juu yenu, ila hakuna atakayeiangalia tena.